Nilivyobadilisha Vidonge vya Stempu

Wiki iliyopita niliwaacha mkono wangu ukiwa ndani ya mfuko wa koti la mtu. Leo nautoa. Kama unasoma huku unakula, sogeza sahani kwanza.

Kwa mgeni aliyeliokota gazeti leo: mimi ni dobi wa hoteli. Chumba chetu kiko chini kabisa, hakina dirisha, na kila shuka linalolaliwa juu huko linashuka kwangu. Damu, matapishi, rangi za midomo, na mengine ambayo mhariri hataki niyataje, yote nimeyaloweka kwa mikono hii kwa miaka kumi na mitano. Sikuwahi kuona kinyaa. Kinyaa nimekijua mwaka huu.

Nina miaka thelathini na minane. Nina mume mmoja, fundi wa lifti, mtu mpole anayependa kola yake isimame wima kama askari. Mtoto sina. Mara mbili nimechomwa sindano za kukomaza mayai, mara mbili nimevunwa mayai, mara mbili nimetoka mikono mitupu. Hayo nimeshawasimulia.

Msomaji mmoja ameandika kwamba ananionea huruma. Baada ya leo ataiomba huruma yake irudi.

Mnakumbuka tuliingizwa kwenye utafiti pale kliniki ya uzazi. Wanawake sitini, wote ovari zetu zimechoka kabla ya wakati. Nusu walipewa vidonge vya melatonini, ile homoni ya usingizi ambayo mwili hujitengenezea wenyewe giza likiingia. Daktari alitaka kuona kama ovari zitaziitikia sindano vizuri zaidi. Nusu nyingine walipewa vidonge vya sura ileile, rangi ileile, ndani unga mtupu.

Nani ana dawa na nani ana unga, hakuna aliyejua. Si sisi, si sista anayegawa, si daktari mwenyewe. Siri ilikuwa kwenye namba iliyobandikwa kwenye kadi, na kila kadi ina vidonge kumi na vinne.

Masharti yalikuwa matatu. Usimpe mtu. Usibadilishane. Rudisha kadi ihesabiwe. Ukivunja, unatoka kwenye utafiti na matibabu yanaishia hapo hapo, unarudi kwenye foleni ya kawaida ya miaka mitatu. Kwa umri wangu, miaka mitatu maana yake ni basi.

Sasa Stempu.

Stempu ni dada wa posta, anachambua barua tangu alfajiri. Jina hilo tulimpa sisi wa kwenye benchi. Mfupi, mcheshi, mdomo hauna breki. Siku ya kwanza tulipoambiwa tuvue tukapigwe picha ya ovari, mimi niliganda mlangoni na kanga ya hospitali. Yeye alikuwa keshavua.

"Dada, mficha uchi hazai," akaniambia. "Ingia."

Nikacheka, nikaingia. Tangu siku hiyo tukawa tunakaa pamoja, tunashikiana mikoba, tunapigana sindano za tumbo pale sista anapochelewa. Alikuwa ananiletea biskuti. Nawaambia haya ili mjue nilimfanyia nani.

Wiki ya pili ya vidonge nikamuuliza, "Unalala?"

"Nalala? Nazimika, bibi! Kidonge kikishuka tu, mume wangu anabaki anaongea na ukuta. Wewe je?"

"Macho makavu mpaka kunakucha."

"Basi wewe umepewa unga," akasema, akanipiga bega, akaangua kicheko.

Alikuwa anatania. Mimi nikalibeba lile neno mpaka nyumbani, nikalilalia, nikaamka nalo. Unga. Yeye ana dawa, mimi nina unga. Yeye miaka thelathini na minne, ana muda, na bado dawa wamempa yeye.

Kesho yake nikamuuliza sista, kwa mbali, kama usingizi ni dalili.

"Si dalili," akasema. "Wengine hulala kwa unga, wengine hukesha kwa dawa. Usijitie wazimu."

Nilishajitia.

Na huyo huyo Stempu, kwa mdomo wake usio na breki, ndiye aliyenipa ufundi. Siku moja tunasubiri zamu, akaanza hadithi za kazini.

"Kuna watu wanabandua stempu iliyokwisha tumika. Wanaipiga mvuke wa birika, inatoka nzima, wanaibandika kwenye barua nyingine. Wanadhani sisi vipofu."

"Mnawajuaje?"

"Kwa kidole." Akapitisha dole gumba hewani. "Karatasi iliyoonja mvuke hailali tena vizuri. Pembe zake zinakataa."

Nikasema, "Makubwa!" Nikasahau pale pale nusu ya aliyosema, nikabaki na nusu iliyonifaa.

Siku tuliyopewa kadi ya pili, ile ya kumezwa sambamba na sindano, Stempu alikuja amevaa koti la kazi lenye doa la wino wa muhuri, jeusi, kubwa kama kiganja.

"Dada, wewe ndiye daktari wa madoa. Niokoe."

"Lete."

Akalivua, akanipa, akaondoka na blauzi. Sasa, sheria ya kwanza ya dobi ni kupekua mifuko. Nimewahi kutoa funguo, pete za ndoa, hata meno ya bandia. Nikiwa peke yangu pale chini nikaingiza mkono.

Kadi ya vidonge. Nzima, haijaguswa. Ameisahau.

Nilisimama nayo kitambo. Ningeweza kumpigia simu. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu, nikaigusa kabisa. Halafu nikatoa kadi yangu kwenye mkoba, nikaziweka zote mbili kwenye meza ya pasi.

Kila kidonge kilikuwa kimefungiwa kwenye tundu lake, kwa hiyo kumimina haikuwezekana. Lakini namba ilikuwa karatasi tu, imebandikwa juu. Nikafungua mvuke wa pasi kubwa, kwa mbali, upande wa lebo. Haikuchukua dakika. Namba yake ikaja kwenye kadi yangu, namba yangu ikaenda kwenye kadi yake. Vidonge vyake vikabaki mezani kwangu vikiwa na namba yangu, kama mtoto wa kuibwa.

Gundi ilikuwa imekufa. Nikachovya kidole kwenye bakuli la wanga, ule ule ninaotilia kola za mashati, nikabandika. Nikapuliza. Nikalitoa na doa la wino kwenye koti, na nililitoa vizuri sana, nikaona hayo ndiyo malipo.

Hapo ndipo nilipaswa kutapika. Sikutapika. Nilipiga mluzi.

Siku mbili baadaye nikamrudishia koti kwenye benchi.

"Jipya hili!" akashangilia. "Na mfukoni?"

"Nimekukutia vidonge vyako. Ushukuru sikuvifua."

Akaitoa ile kadi. Akaitazama. Dole gumba likapita juu ya lebo, likarudi, likapita tena. Akaitia mfukoni taratibu.

"Ahsante," akasema mwishoni. "Una lolote la kuniambia, dada?"

"La nini?"

"Hamna. Nimeuliza tu."

Akaniletea biskuti siku hiyo pia. Nikala.

Vidonge vyake nilivimeza kwa saa maalumu kama nilivyoagizwa. Usingizi hakuna. Nilihesabu mizunguko ya pangaboi, nikahesabu mikoromo ya mume wangu, nikahesabu dhambi. Stempu naye kwenye benchi anapiga miayo, anasinzia mpaka kichwa kinaniangukia begani. Nikajiuliza, unga wangu unamlazaje huyu? Nikajijibu kwamba dawa ya kadi ya kwanza haijamtoka mwilini. Mwizi hakosi majibu.

Picha ya kwanza ya ovari, daktari akageuza kioo nione. "Kushoto vifuko vya mayai viwili. Kulia kimoja."

"Vitatu tu?"

"Vitatu. Endelea na sindano."

Stempu akaingia baada yangu. Nilimsikia daktari kupitia pazia akihesabu, na kila alipotaja namba nilikuwa naomba aishie hapo. Saba. Nane. Ishia. Tisa. Ishia basi. Akafika kumi na mbili.

Akatoka amejishika mdomo, machozi yanamtoka, akanikumbatia. "Dada, kumi na viwili! Wewe je?"

"Naendelea vizuri," nikasema, mdomo wangu ukiwa kwenye nywele zake.

Nilimchukia. Nawaambia ukweli. Nilimchukia kwa vidonge nilivyomwibia mimi mwenyewe.

Nikarudi kwa daktari. "Kwani hii melatonini haifanyi kazi?"

"Ningejua, nisingefanya utafiti," akasema, anaandika, hanitazami. "Huenda inayakinga mayai yasichakae. Huenda inaleta usingizi tu. Huenda haifanyi lolote. Na wewe hujui kama unayo. Meza."

Nikameza.

Siku ya kuvunwa tulipangiwa asubuhi moja, mimi na yeye, vitanda viwili, pazia katikati. Tuliambiwa tuje na kadi zetu zihesabiwe. Mume wangu alinisindikiza amevaa shati jeupe, kola nimeitia wanga jana yake mpaka inagonga. Alinishika kidole gumba tu, kwa sababu mkono wote ulikuwa na mipira ya dripu.

"Hata likiwa moja," akaninong'oneza, "moja ndilo linalozaa."

Huyo ndiye mume niliyenaye.

Nilipozinduka, mdomo una ladha ya chuma, daktari alikuwa amesimama miguuni. Niliziona nyusi zake nikajua.

"Tumepata moja," akasema. "Vifuko viwili vilikuwa vitupu. Na hilo moja halijakomaa. Pole sana."

"Halifai?"

"Halifai."

Mume wangu akatoka nje. Alisema anakwenda kununua maji. Maji yalikuwa mezani.

Upande wa pili wa pazia sista alikuwa anashindwa kuficha furaha. "Kumi na moja! Kumi na moja, dada! Na karibu yote yamekomaa!"

Nikageukia ukutani. Nikafikiria mambo ambayo hata hapa sitayaandika. Niliona tu mayai yale yakimwagika sakafuni, na nikaona raha. Halafu nikahisi harufu ya biskuti, maana Stempu alikuwa amepewa chai, nikavuta shuka mpaka puani.

Pazia likavutwa. Si sista. Stempu mwenyewe, amekaa pembeni ya kitanda chake, kanga ya hospitali imempinda, uso umevimba.

"Nimesikia lako," akasema.

"Hongera kwa lako."

"Daktari!" akaita. "Njoo kidogo. Huyu anaweza kupewa mayai yangu?"

Daktari akaja. Sista akaja na faili. Mimi nikajiinua kwa kiwiko.

"Una maana gani?" daktari akauliza.

"Nina kumi na moja. Sita yananitosha kujaribu bahati. Matano ampeni dada yangu huyu."

"Mambo hayo hayaendi hivyo," daktari akasema. "Kuna ushauri, kuna vipimo, kuna waume zenu. Na wewe bado una dawa ya nusu kaputi kichwani."

"Dawa imeshatoka. Niulize tarehe."

Daktari akafikiri. "Nikigandisha matano leo, mlango unabaki wazi. Mtaamua baadaye mkiwa na akili timamu. Lakini maabara wanataka hesabu kabla ya adhuhuri, na faili zenu zote mbili lazima ziwe safi. Yeyote aliyevunja masharti ya utafiti, mimi simgusi."

"Haya, lete fomu," Stempu akasema. Kisha akanigeukia. "Unakubali, dada?"

Jamani, ilikuwa zamu yangu kusema. Mtu yeyote mwenye chembe ya haya angesema hapana, au angeanguka kitandani akalia, akasema yote. Mimi nilinyoosha mikono.

"Nakubali. Mungu akulipe."

Stempu akanitazama. Kuna kitu kilizima usoni mwake, nami nikadhani ni maumivu ya tumbo.

Mume wangu akarudi na chupa ya pili ya maji. Sista akamweleza kwa ufupi. Mzee wa watu akapiga magoti pale pale kwenye vigae, mbele ya Stempu, kola imesimama, machozi yanateremka. "Dada, sina cha kukulipa. Sina." Nilitazama pembeni. Kuna doa la chai kwenye shuka langu, nikalisugua kwa kucha.

"Kabla ya kalamu," sista akasema, "kadi zenu. Lazima nihesabu."

Yangu ilitoka haraka. Kumi na viwili vimemezwa, viwili vimebaki. "Sawasawa," akasema, akaandika.

Akachukua ya Stempu. Akahesabu kwa kidole. Akarudia.

"Kumi na vinne."

"Ndiyo," Stempu akasema.

"Hujameza hata kimoja! Siku zote hizi?"

"Hata kimoja."

Daktari akaweka faili chini. "Kwa nini?"

Mimi nilikuwa nahesabu kitu kingine. Mayai kumi na moja, bila dawa yake, bila unga wangu, bila chochote. Na mimi moja bovu, na vidonge vyake kumi na viwili tumboni. Nilijiuza bure.

"Kidonge nisichojua kimetoka wapi sikimezi," Stempu akajibu.

"Kimetoka kwangu," sista akasema, ameudhika. "Mkononi mwangu."

"Kadi ilitoka kwako. Lakini lebo hii imepigwa mvuke, sista. Miaka kumi na miwili nashika karatasi za hivi. Weka kidole hapo pembeni. Unaona inavyokataa kulala?"

Sista akaweka kidole. Stempu akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilikuuliza siku ile ya koti, ukasema la nini. Nikasema anaona haya, nimpe muda. Nikakuletea biskuti, nikasubiri. Leo nikasema nimpe mayai kabisa, asibaki na sababu ya kunyamaza." Akavuta pumzi. "Ukayapokea, dada."

"Anazungumza nini?" mume wangu akauliza, bado yuko magotini.

Stempu aliishika kalamu juu ya fomu. "Bado sijatia saini, na bado sijafuta niliyosema. Matano ni yako ukitaka. Mwambie sista mwenyewe, nami nitamwombea daktari akusamehe. Sema tu."

Nilifungua mdomo. Wasomaji wangu, niliapa kuwaandikia kweli tupu, nami naiandika hii mkono ukiwa hautaki. Nilipewa mlango, na mtu aliyeushika alikuwa yule niliyemwibia.

"Sista," nikasema, na sauti yangu ilitoka nyororo, "mimi ni dobi tu. Mwenye kujua kubandua na kubandika stempu kati yetu ni nani? Si huyu wa posta? Labda alivibadilisha mwenyewe, akaogopa kuvimeza."

Daktari akamtazama Stempu. Sista naye akamtazama. Kwa pumzi mbili hivi nilifikiri nimepona.

Stempu hakujitetea. Aliweka kalamu mezani, akaichukua kadi yake kwa sista, akaikwangua ile lebo kwa ukucha, polepole, kuanzia kwenye pembe. Ikaachia. Chini yake hapakuwa na gundi. Palikuwa na tabaka jeupe, kavu, likavunjika vipande vipande na kudondokea kwenye shuka la kijani.

"Hii si gundi," sista akasema. "Ni nini hii?"

Mimi nilijua. Na kulikuwa na mtu mwingine mmoja tu mle chumbani aliyejua.

Mume wangu alikiokota kipande kimoja, akakisaga kati ya vidole viwili, akakinusa. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye kola ya shati lake. Akanigeukia, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kusaidia tu:

"Mke wangu, huu si wanga wako?"